Eksirei, altrasaundi, CT au MRI: kipimo kipi kinajibu swali lako?

Ndugu wanaotoka kwa daktari na karatasi mkononi huniuliza swali moja kuliko mengine yote, na si "nina ugonjwa gani?" Ni hili: "Hivi kati ya CT na MRI, kubwa ni ipi?"

Tumevipanga vipimo vya picha kama ngazi. Chini eksirei, juu yake altrasaundi, kisha CT, na kileleni MRI. Anayeandikiwa cha chini huona amepunjwa. Shangazi yangu aliuza mbuzi wawili akaenda mjini kupiga MRI ya tumbo, kwa maumivu yaliyokuwa yakimshika chini ya mbavu za kulia kila akila vyakula vya mafuta. Picha zilitoka nyingi na nzuri. Mawe ya nyongo yakaonekana. Yangeonekana pia kwa altrasaundi ya robo saa, palepale wilayani, na mbuzi wangebaki zizini.

Hakuna ngazi. Kuna mashine nne, kila moja imezaliwa kuona kitu chake, na kubwa kwa mgonjwa ni ile inayojibu swali la daktari wake.

Mizani tunayotumia

Zote nne nitazipima kwa mizani ileile. Kwanza, inaona nini na inapofuka wapi, maana hakuna inayoona kila kitu. Pili, mionzi. Tatu, muda na maandalizi, kwa sababu mtu aliyepanda basi la alfajiri kutoka Kilwa hapendi kuambiwa saa nne asubuhi kwamba alitakiwa aje bila kula. Nne, gharama na umbali. Bei hutofautiana kati ya kituo na kituo na kati ya bima na bima, kwa hiyo sitataja shilingi, ila mpangilio haubadiliki sana: eksirei na altrasaundi ndizo nafuu, CT huzizidi mara kadhaa, na MRI mara nyingi ndiyo ghali kupita zote. Tano, inamfaa nani na nani ajihadhari nayo.

Neno moja kuhusu mionzi, kwa kuwa ndiyo inayotisha watu. Hupimwa kwa milisiveti. Binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula, hata kama hajawahi kukanyaga hospitali. Shika namba hiyo, tutaitumia.

Eksirei

Mfugaji wa kuku anayetaka kujua kama yai lina kifaranga hulishika mbele ya taa gizani. Mwanga hupita kwenye ute, kifaranga huuzuia, kivuli kinatoa habari. Eksirei ni mchezo huohuo, ila miale yake haionekani kwa macho na hupenya nyama. Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na picha iliyotikisa dunia ilikuwa ya mkono wa mkewe: mifupa ya vidole, na pete ikielea juu ya mmoja. Mwaka 1901 akapewa tuzo ya Nobeli ya fizikia, ya kwanza kutolewa.

Inaona nini: vitu vinavyotofautiana sana kwa uzito. Mfupa wenye kalisi huzuia miale, ukatoka mweupe. Hewa huipitisha, ikatoka nyeusi. Kwa hiyo eksirei ni bingwa wa mfupa uliovunjika, wa mapafu, na wa mtoto aliyemeza sarafu. Kwenye kifua kikuu bado ni nguzo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha programu za kompyuta zisome picha za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea wakati wa kusaka kifua kikuu, jambo linalosaidia mahali ambapo gari la kupima linafika lakini msomaji wa picha hafiki. Upofu wake uko kwenye nyama laini. Misuli, kano, ubongo na ini hutoka kijivu kimoja. Tena kivuli hulaza vitu juu ya vingine, ndiyo maana anayekupiga picha hukugeuza: moja ya mbele, nyingine ya ubavu. Si kwamba ya kwanza imeharibika.

Mionzi: ipo, kidogo. Picha moja ya kifua ni kama milisiveti 0.02, yaani siku tatu za ile mionzi tunayoishi nayo. Ya mgongo wa chini huzidi, inakaribia 1.5.

Muda na maandalizi: dakika chache. Vua mkufu, toa simu mfukoni, vuta pumzi uizuie ukiambiwa.

Gharama na umbali: nafuu, na hufika hadi hospitali za wilaya na vituo vingi vya afya.

Inamfaa nani: aliyeanguka na bodaboda mguu ukavimba, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka. Mwenye mimba, au anayehisi huenda anayo, aseme kabla ya kulala mezani. Haina maana hatapigwa kamwe. Ina maana watapima ulazima wake.

Altrasaundi

Nahodha asiyekijua kina cha maji hutupa bildi na kuhesabu kamba. Altrasaundi hutupa sauti. Kifaa cha mkononi kinatoa mitetemo ya mamilioni kwa sekunde, wakati sikio letu huishia kama 20,000. Sauti hiyo husafiri mwilini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, ikigonga mpaka wa kiungo inarudi kama mwangwi, na mashine inachora kwa kuhesabu muda wa kurudi. Ile jeli ya baridi wanayokupaka si dawa. Inaondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa sababu hewa huikata sauti. Daktari Ian Donald wa Glasgow, Scotland, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1958, alianza na chombo cha kiwandani cha kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Kutoka vyuma akahamia matumbo ya wajawazito.

Inaona nini: vitu laini na vyenye maji. Mtoto tumboni, kizazi na ovari, ini, mfuko wa nyongo, figo, kibofu, tezi dume, goita, uvimbe wa titi, damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, na moyo ukipiga. Inaonyesha vitu vikiwa katika mwendo, jambo ambalo nyingine huliweza kwa shida. Kwenye ajali, daktari wa dharura huizungusha tumboni na kujua kwa dakika chache kama damu inavuja ndani, mgonjwa akiwa bado kwenye machela. Inapofuka mbele ya hewa na mfupa. Tumbo lililojaa gesi huifunga, pafu lenye hewa huitazama kwa shida, na fuvu la mtu mzima haliingii. Kichanga ni tofauti: utosi wake haujafunga, kwa hiyo ubongo wake huchungulika kupitia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi. Eksirei nzuri hutegemea zaidi mashine, altrasaundi hutegemea zaidi mkono. Mtu anayeshika kifaa ndiye anayeamua aelekeze wapi, abonyeze kiasi gani, asimamishe picha gani. Mashine moja, wapimaji wawili, mnaweza kupata majibu mawili. Ukiona ripoti haifanani hata kidogo na hali yako, kurudia kwa mpimaji mwenye uzoefu mkubwa zaidi mara nyingi ni busara kuliko kukimbilia MRI.

Mionzi: haina. Ni sauti tu.

Muda na maandalizi: dakika 15 hadi 30, na hapa ndipo safari nyingi huharibika. Ya tumbo la juu hutaka uwe hujala kwa saa sita hivi, ili mfuko wa nyongo ujae na gesi ipungue. Ya nyonga kupitia tumboni hutaka kinyume chake: unywe maji mengi, kibofu kijae. Mwezi wa Ramadhani, maandalizi haya mawili yanapingana kabisa. Ya tumbo la juu inakaa vizuri na saumu. Ya nyonga haikai, kwa hiyo mwambie anayepanga miadi mapema, akuweke baada ya futari au siku nyingine. Kuna kipimo cha nyonga kinachoingizwa ukeni, ambacho hakihitaji kibofu kujaa na huona karibu zaidi. Mwanamke ana haki ya kuelezwa kwanza, kukubali au kukataa, na kuomba mpimaji wa kike au angalau mwanamke mwingine awepo chumbani.

Gharama na umbali: nafuu. Mashine nyingine leo huingia kwenye mkoba, na ndiyo maana zimefika zahanati ambazo hazijawahi kuota eksirei.

Inamfaa nani: mjamzito kabla ya wote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau mara moja kabla ya wiki 24. Sababu kubwa si jinsia ya mtoto, kama wifi wanavyodhani. Ni umri wa mimba. Kipimo cha miezi mitatu ya mwanzo hukosea kwa siku tano hadi saba hivi. Cha miezi ya mwisho kinaweza kukosea kwa wiki tatu. Anayekuja mwezi wa nane kwa mara ya kwanza, akiwa hakumbuki hedhi yake, anapewa tarehe ya kujifungua ya kukisia. Wa pili ni mtoto mdogo, maana altrasaundi humwepusha na mionzi. Asiyefaidika sana ni mwenye mwili mkubwa, maana sauti huchoka kabla ya kufika ndani.

CT

Huku kwetu kuzunguka mbuyu si sifa. CT ndiyo peke yake iliyopata heshima kwa kuzunguka. Inachukua miale ileile ya eksirei, lakini badala ya kukupiga kivuli kimoja kutoka mbele, inakuzunguka, ikikupiga kutoka mamia ya pembe, kisha kompyuta inaunganisha vivuli hivyo kuwa vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa slaisi. Daktari anavuta slaisi anayoitaka.

Nusu ya wazo hilo ilitoka Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria mwaka 1956 akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mashine yenyewe ilitengenezwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ambayo wazee wetu waliijua kwa santuri. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London, Oktoba 1971, na wote wawili wakagawana Nobeli mwaka 1979. Slaisi moja wakati ule ilichukua dakika kadhaa. Leo mzunguko mmoja haufiki sekunde.

Inaona nini: damu mbichi kichwani, mifupa iliyovunjika kwa namna tata, mapafu kwa undani ambao eksirei haufikii, mawe ya figo, tumbo zima baada ya ajali, na saratani ilikosambaa. Kila chembe ya picha hupewa namba kwa jina la Hounsfield: maji 0, hewa −1000, mfupa mamia kwenda juu. Ndiyo maana ripoti inaweza kusema kwa uhakika kwamba kilichoonekana ni mafuta, maji au damu. Udhaifu wake ni tofauti ndogondogo za nyama laini: kano za goti, ugwe mgongo, sehemu ya nyuma ya ubongo ambako mfupa mnene huchafua picha.

Mionzi: hapa ndipo kwenye gharama isiyoandikwa kwenye risiti. CT ya kichwa ni kama milisiveti 2, karibu miezi kumi ya mionzi ya kawaida. Ya tumbo na nyonga ni kama 8, zaidi ya miaka mitatu. Madhara kwa mtu mzima aliyepimwa mara moja ni madogo sana, na kwa aliyegongwa na gari hayafai hata kujadiliwa mlangoni. Lakini mtoto mwenye kichwa kinachouma, CT ya leo, nyingine mwezi ujao kwa kuwa mjomba hakuridhika, hapo ni kulimbikiza bila sababu. Tanzania wanaosimamia vyanzo vya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Wao hukagua mashine. Kuandikiwa kipimo kisichohitajika hakuna mkaguzi wa kukuzuia.

Muda na maandalizi: kulala mezani ni dakika tano hadi kumi, picha zenyewe sekunde. Kinachochelewesha ni dawa ya kung'arisha mishipa, yenye ayodini, inayopita kwenye sindano ya mkononi. Utasikia joto likishuka mwilini hadi udhani umejikojolea, hujajikojolea. Kabla yake unaweza kupimwa kreatinini kuangalia figo. Mwenye kisukari anayemeza metformini ataje, na aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa hiyo ataje mara mbili.

Gharama na umbali: ya kati. Zamani ilikuwa safari ya hospitali kubwa za Muhimbili, Bugando au KCMC. Miaka ya karibuni imeingia hospitali nyingi za rufaa za mikoa.

Inamfaa nani: wa dharura. Kiharusi, ajali ya kichwa, maumivu makali ya tumbo yasiyoeleweka, kubanwa pumzi kwa ghafla kunakotia shaka ya damu kuganda mapafuni. Mgonjwa asiyetulia pia, kwa sababu inamaliza kabla hajajigeuza.

MRI

Mwilini maji ndiyo mengi, na kila tone lina haidrojeni. Viini vya haidrojeni ni kama sindano ndogo za dira. Siku za kawaida zimeelekea huku na huko. Ukiingizwa kwenye sumaku kubwa, sehemu yake hujipanga mwelekeo mmoja. Mashine inazisukuma kwa mawimbi ya redio, zinayumba, na zikirudi mahali pake hutoa ishara. Maji yaliyo kwenye misuli hurudi kwa mwendo wake, ya kwenye uvimbe kwa mwendo mwingine, ya kwenye mafuta kwa mwingine. Kutokana na tofauti hizo picha inachorwa. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2003.

Inaona nini: nyama laini, kuliko zote. Ubongo, ugwe mgongo, mishipa ya fahamu inayobanwa na diski, kano na gegedu za goti, misuli ya bega, tezi dume, uenezi wa saratani ya mlango wa kizazi kwenye nyonga. Haipendi vitu vinavyotembea na kujaa hewa, hivyo mapafu ni eneo la CT. Mfupa mgumu nao huuona kwa kivuli tu, japo uboho uliomo ndani huuona vizuri mno.

Mionzi: haina ya aina ya eksirei. Hatari yake ni sumaku. Nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na haizimwi jioni mtu akienda nyumbani. Huwaka usiku na mchana, ikipozwa kwa gesi ya heli iliyogeuzwa maji, yenye nyuzi −269. Mwaka 2018 mjini Mumbai mtu alifariki baada ya kuingia chumbani na mtungi wa oksijeni, sumaku ikamvuta yeye na mtungi wake. Kwa hiyo maswali ya mlangoni yasikuudhi. Betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, risasi au kipande cha chuma mwilini: taja. Fundi wa kuchomelea ataje hata kama cheche ilimwingia jichoni miaka ishirini iliyopita. Vyuma vya titani vya mfupa kwa kawaida havizuii, wala kitanzi cha uzazi wa mpango, ila viorodheshwe. Nyumbani acha pini za ushungi, wigi lenye vibanio, wanja wenye chembe za chuma, na hirizi iliyofungwa ndani ya bati. Hirizi watu huisahau, au huona haya kuisema. Mnong'oneze mhudumu, ameshaziona nyingi.

Muda na maandalizi: dakika 20 hadi saa nzima, ukiwa ndani ya tundu, bila kutikisika, mashine ikigonga kama mafundi bati. Watakupa vizibo vya masikio na kengele ya kubonyeza ukizidiwa. Mtu mwenye hofu ya sehemu finyu aseme siku ya kupanga miadi, si siku ya kipimo. Mtoto mdogo huenda akahitaji kulazwa usingizi, na hiyo ni shughuli nyingine yenye daktari wake.

Gharama na umbali: juu, na mashine bado ziko zaidi mijini. Kuna dalili za mabadiliko: mwaka 2022 huko Mbarara, Uganda, mashine ndogo ya sumaku hafifu iliunganishwa palepale kwenye chuo kikuu cha mji huo kwa ajili ya utafiti wa watoto wenye maji kichwani. Picha zake hazishindani na za tesla 1.5, lakini haihitaji heli wala jengo la pekee.

Inamfaa nani: mwenye tatizo la neva, mgongo wenye dalili za hatari, mchezaji aliyesikia goti likilia "pa", mgonjwa wa saratani anayepangiwa upasuaji au mionzi ya tiba. Mjamzito anaweza kupimwa pale inapolazimu, bila gadolini, dawa ya kung'arisha picha za MRI.

Pale mbili zinapogombea mgonjwa mmoja

Kiharusi ndicho kinachochanganya familia kuliko vyote. Kipo cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka, na kwa nje vinafanana: mdomo umepinda, mkono umelala. Dawa ya kuyeyusha damu, ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, humsaidia wa kwanza na inaweza kumuua wa pili. CT bila dawa ya kung'arisha huiona damu iliyovuja papo hapo. Sasa, mshipa ulioziba saa mbili zilizopita unaweza kutoonekana kabisa, na ripoti ikaandikwa hakuna damu iliyovuja. Ndugu wakisikia hivyo hulalamika: "Wametutoza hela, wanasema hana kitu!" Kumbe kutokuwepo damu ndilo jibu lenyewe lililokuwa likisubiriwa. MRI ingeuona ubongo uliokosa damu mapema zaidi, lakini ingekula muda ambao mgonjwa hana.

La pili ni mgongo. Kila mwenye kiuno kinachouma anaitaka MRI, na vituo vya picha haviwakatai. Tatizo ni kwamba MRI huona mno. Katika watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, zaidi ya theluthi moja wana diski zilizochakaa kwenye picha. Wakifika 80 ni karibu wote. Ukipiga kwa maumivu ya wiki mbili baada ya kunyanyua gunia, utatoka na karatasi inayosema diski imetokeza, utaanza kutembea kama yai, na huenda diski hiyo ilikuwa imetokeza tangu harusi yako. Maumivu ya kawaida hupungua ndani ya wiki sita kwa dawa na kuendelea kujongea. MRI haisubiri pale miguu inapokosa nguvu, mkojo au choo kinapogoma au kutoka chenyewe, ganzi ikishika sehemu unazokalia, au kukiwa na homa, kukonda, au historia ya saratani au kifua kikuu. Ajali huanza na eksirei au CT.

Mawe ya figo: CT bila dawa ndiyo hodari. Hata hivyo kwa kijana aliyewahi kuwa nayo, au kwa mjamzito, altrasaundi hutangulia, kwa kuwa kurudia CT kila maumivu yanaporudi kunajaza mionzi. Eksirei hukosa baadhi ya mawe kabisa.

Goti: hata kano inaposhukiwa, eksirei huanza. Ni nafuu na huondoa shaka ya mfupa.

Kwa hali yako

Una mimba, au una tatizo la kizazi, nyongo, figo au tezi: anza na altrasaundi. Nyingine zitafuata tu ikishindwa kujibu.

Mtoto ana maumivu ya tumbo upande wa kulia chini na daktari anahofia kidole tumbo: altrasaundi kwanza, CT ikibaki na shaka.

Umevunjika, au unakohoa kwa wiki mbili au zaidi: eksirei. Usione haya kwa sababu ni ya bei ndogo.

Umegonga kichwa, ukapoteza fahamu, unatapika au unasinzia ovyo: CT, leo, sio kesho. Kichwa kinachouma cha kawaida bila dalili nyingine mara nyingi hakihitaji picha yoyote.

Uvimbe kwenye titi: chini ya miaka 30 altrasaundi kwa kawaida hutangulia, kuanzia 40 mamografia, ambayo ni eksirei maalumu ya titi, huingia na altrasaundi kuisaidia.

Uko mbali na mji na umeandikiwa MRI isiyo ya dharura: kabla ya kukata tiketi, muulize daktari, "Majibu yakitoka hivi au vile, tiba yangu itabadilikaje?" Akikujibu kwamba upasuaji unategemea picha hiyo, panda basi. Akisema tiba ni ileile kwa vyovyote, mwulize kama inaweza kusubiri.

Pesa inatosha kipimo kimoja tu: mwambie daktari hivyo waziwazi kabla hajaandika. Atachagua tofauti na anavyomchagulia mwenye bima kamili, na si aibu.

Na kama kuna filamu au CD ya miaka ya nyuma chini ya godoro, njoo nayo pamoja na ripoti yake. Doa la pafuni ambalo lilikuwepo vilevile mwaka 2015 linaweza kukuokoa CT nzima.